Sura ya Sita: Nani Analipia Kituo cha Afya cha Kipushi?

Kila unapoitishwa mkutano wa kuwaomba wenye mitaji waje kuokoa huduma za afya za msingi Afrika, watu huzungumza kana kwamba jambo lenyewe halijawahi kujaribiwa. Ningekuwa na uwezo, ningewapakia wazungumzaji wote kwenye gari pale Lubumbashi, tukashika barabara ya kusini-magharibi, na baada ya kilomita 30 hivi nikawashusha Kipushi, mpakani na Zambia. Hapo mtaji wa kampuni ulibeba afya ya mji mzima kwa miongo kadhaa, na uliibeba vizuri kuliko serikali yoyote iliyowahi kupita. Kisha ukaondoka. Sasa umerudi kwa jina jingine, na watu wa Kipushi wana maswali ambayo miji mingine bado haijajua kuyauliza.

Tukubaliane kwanza tunazungumza nini. Huduma ya msingi ni chanjo ya mtoto, ni mkunga usiku, ni kipimo cha malaria na dawa yake, ni shinikizo la damu linalopimwa kabla halijamwangusha mtu. Azimio la Alma-Ata la mwaka 1978 liliweka ndani yake pia maji safi na vyoo, jambo ambalo madaktari wengi hulisahau kwa sababu halifanyiki wodini. Kipushi hawawezi kulisahau, na nitaeleza kwa nini.

Mgodi ulifunguliwa mwaka 1924 na Union Minière du Haut-Katanga, kampuni ya Kibelgiji iliyoundwa mwaka 1906, ukapewa jina la Mwanamfalme Léopold. Hadi ulipofungwa ulikuwa umetoa tani milioni 60 za mawe, na ndani yake tani milioni 6.6 za zinki na milioni 4 za shaba, mbali na jerimaniamu na fedha. Hizo ni hesabu za wahasibu. Kwa wafanyakazi wa mwanzo hesabu ilikuwa ya namna nyingine: nani atafika mwisho wa mkataba akiwa hai? Katika miaka ya 1910 na 1920 kambi za Katanga ziliua watu kwa homa ya mapafu, homa ya matumbo na kuhara damu. Vijana waliletwa kutoka mbali, wengine Rwanda na Urundi, wakafika wamechoshwa na safari, wakakutana na baridi ya nyanda za juu, msongamano na chakula wasichokizoea. Kampuni ililipia kumtafuta mtu, kumsafirisha na kumvisha, halafu ikalipia kumzika.

Hasara hiyo ndiyo iliyowaamsha wakubwa. Kuelekea mwaka 1928 Union Minière iliacha kutegemea vibarua wa miezi michache, ikaanza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza wafanyakazi waishi kambini na wake zao. Msimamizi wa mpango huo alikuwa daktari, Léopold Mottoulle. Chini yake kambi zilipata wodi za uzazi, mizani ya kupimia watoto, maziwa, posho ya chakula, maji ya bomba na shule. Vifo vya watoto wachanga vilishuka sana katika miongo iliyofuata. Mkono uliogawa maziwa, lakini, ndio uliohesabu vichwa: mtoto aliyezaliwa kambini alikuwa mchimbaji wa kesho, asiyehitaji kutafutwa wala kusafirishwa. Na wafanyakazi walipogoma Desemba 1941 wakidai nyongeza ya mshahara, askari waliwafyatulia risasi Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, wakaua watu wengi. Daktari na bunduki walikuwa katika bajeti moja.

Ng'ambo ya mpaka, upande wa Zambia ya leo, kulikuwa na kisa kinachofanana. Mgodi wa Roan Antelope kule Luanshya ulikuwa na sifa mbaya kiasi kwamba watu walisema bonde lake lina nyoka anayeua. Mwaka 1929 kampuni ilimwita Malcolm Watson, mtaalamu wa malaria aliyepata umaarufu Malaya. Hakuanza na kwinini. Alianza na majembe: vinamasi vikakaushwa, kingo za mto zikanyooshwa, nyasi zikafyekwa, mafuta yakamwagwa kwenye madimbwi, madirisha yakawekwa nyavu. Ndani ya miaka michache malaria ilishuka na nyoka akasahauliwa. Karibu miaka 70 baadaye, wakati migodi ya Zambia ilipouzwa tena kwa watu binafsi, kampuni za Chingola na Chililabombwe zilirudia fikra hiyohiyo kwa kunyunyizia dawa ukutani katika nyumba za mjini, na wagonjwa wakaanza kupungua tangu msimu wa kwanza. Jambo la kujifunza hapo ni dogo na la maana: mbu hatambui kitambulisho cha kazi. Ukitaka kumkinga mfanyakazi, lazima umkinge na jirani yake.

Serikali ya Mobutu ilipoitaifisha Union Minière na kuzaa Gécamines mwaka 1967, wengi walidhani utaratibu wa kambi ungekufa. Haukufa. Gécamines ilirithi hospitali, zahanati, shule, maghala ya unga, na mazoea yenyewe. Mtu wa Kipushi aliyeajiriwa na kampuni alizaliwa katika wodi ya kampuni, akachanjwa na kampuni, akaoa, akaleta mkewe kujifungua palepale, na alipokufa kampuni ilitoa jeneza. Mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Donatien Dibwe dia Mwembu, alipochapisha mwaka 2001 kitabu juu ya familia hizo, kichwa chake kiliwaita wana wa Shaba waliotelekezwa na baba yao. Kichwa hicho kinauma kwa sababu hakitii chumvi.

Anguko lilikuwa la kasi. Katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilikuwa ikitoa zaidi ya tani 450,000 za shaba kwa mwaka. Kufikia mwaka 1994 ilikuwa ikitafuta tani 30,000 kwa shida. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwaka 1990, fedha za kununulia vipuri zikakauka, siasa za Katanga zikachafuka, na mwaka 1993 Kipushi ikasimama. Wafanyakazi hawakuachishwa, walibaki katika daftari bila kulipwa, na hospitali ikabaki na vitanda bila dawa. Miaka kumi baadaye, kati ya 2003 na 2004, mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia uliwaondoa wafanyakazi wa Gécamines zaidi ya 10,000 kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walitoka na malipo ya mkupuo. Walichoacha nyuma ni haki ya kutibiwa bure, wao na wake zao na watoto. Bahasha ililiwa na ada za shule, paa la nyumba, biashara ndogo iliyokufa. Shinikizo la damu halikujua kama mkataba umekwisha.

Hapa ndipo ninapoona kasoro ya mpango mzima wa kampuni, na naitaja sasa ili msomaji aibebe katika kurasa zinazofuata. Huduma ya Union Minière na Gécamines haikuwa mbovu. Ilifungwa tu kwenye orodha ya mishahara. Aliyekuwa ndani ya orodha alikuwa na daktari. Muuza mboga wa upande wa pili wa uzio alikuwa na mganga wa mizizi na maombi. Na orodha ilipochanika, hapakuwa na kitu pembeni cha kuidaka.

Pembeni kulikuwa na nini, basi? Kulikuwa na zoni ya afya. Nje ya Kongo ni wachache wanaojua kwamba nchi hii, ambayo habari zake huwa ni za vita tu, ilikuwa mwalimu wa wengine katika kupanga huduma za msingi. Kuanzia mwaka 1981, kwa mradi ulioitwa SANRU ulioendeshwa na Kanisa la Kiprotestanti kwa fedha za Marekani, Zaire iligawanywa katika zoni za afya 306, kila moja na hospitali yake ya rufaa, vituo vyake, na daktari mkuu wake. Leo zoni ni 519. Chini ya zoni kuna maeneo ya afya, kila eneo na kituo kinachoongozwa na muuguzi anayeitwa titulaire, kamati ya wananchi inayoitwa kodesa, na watu wa kujitolea wanaoitwa reko, wale wanaopita nyumba kwa nyumba kukumbusha chanjo. Kwenye karatasi ni mpango mzuri sana. Ninasema kwenye karatasi bila dharau, kwa maana hata katika miaka mibaya kabisa mpango huu haukufa. Majokofu ya chanjo yaliendelea kufika mahali ambapo mshahara haukufika.

Ila mpango ulihitaji mtu wa kuulipia. Serikali haikuweza. Tangu Mpango wa Bamako wa mwaka 1987 fikra iliyotawala ilikuwa kwamba mgonjwa achangie: alipe fishi ya kuandikishwa, alipe dawa, na faida ndogo inunue dawa nyingine. Kongo ilikwenda mbali kuliko hapo. Katika vituo vingi, anacholipa mgonjwa ndicho kinachonunua sabuni, kinacholipa taa, kinachompa muuguzi asiyekuwa katika daftari la serikali kitu cha kupeleka nyumbani, na sehemu yake hupanda juu hadi ofisi ya zoni. Takriban asilimia 40 ya fedha zote zinazotumika kwa afya nchini hutoka moja kwa moja mifukoni mwa familia. Kwa hiyo ukiniuliza nani mwekezaji mkubwa wa sekta binafsi katika afya ya Kipushi, sitakutajia kampuni. Nitakutajia mama aliyekunja noti za franki katika pindo la kitenge, akisimama mbele ya dirisha la kuandikisha na kuhesabu kama zitatosha kipimo na dawa, au kipimo peke yake.

Fuatana naye kidogo. Mtoto ana joto. Jana alimpa nusu ya kidonge kilichobaki nyumbani. Leo asubuhi mtoto amekataa uji. Hatakwenda kwanza kituo cha serikali, kwa kuwa huko kuna foleni na bei zimebandikwa ukutani. Atakwenda kwa muuguzi wa jirani aliyefungua zahanati sebuleni kwake: kitanda kimoja, kabati la kioo, ndoo ya maji yenye bomba, kalenda ya duka la dawa. Muuguzi huyu ni mjasiriamali wa afya kama yeyote anayesifiwa katika mikutano ya wawekezaji, isipokuwa hana slaidi. Atamkopesha. Atakubali kuku. Atafungua mlango saa nane za usiku. Na kwa kuwa anaishi kwa kuuza dawa na sindano, atauza dawa na sindano, hata pale ambapo mtoto alihitaji maji ya chumvi na sukari. Simlaumu. Yeyote anayelipwa kwa kila chupa ya dripu ataona wagonjwa wengi wanaohitaji dripu.

Nyumba yake ikishindwa, ndipo hospitali, na hospitalini kuna bili. Mwaka 2018 waandishi wa shirika la habari la Associated Press walipita katika hospitali zaidi ya 20 za Lubumbashi. Wakakuta ni moja tu isiyokuwa na desturi ya kuwashikilia wagonjwa walioshindwa kulipa. Wengi wa walioshikiliwa walikuwa wanawake waliotoka kujifungua. Sheria hairuhusu. Mkurugenzi wa hospitali naye ana mantiki yake: asipolipwa, kesho hana uzi wa kushonea mwingine. Mwaka 2023 serikali ilizindua Kinshasa mpango wa kujifungua bila malipo, na ni hatua ya kupongezwa, lakini hatua kama hiyo husimama au huanguka kwa jambo moja tu, kama hospitali hurudishiwa fedha zake kwa wakati.

Sasa turudi mgodini. Novemba 2011 kampuni ya Ivanhoe Mines ya Kanada, ya tajiri Robert Friedland, ilinunua asilimia 68 ya Kipushi. Gécamines ikabaki na 32, ambazo baadaye katika makubaliano mapya zilipandishwa hadi 38. Kampuni ya pamoja inaitwa KICO. Kilichowakaribisha kilikuwa maji. Kipushi imechimbwa katika miamba ya dolomiti iliyojaa mapango ya maji, na mgodi huu haujawahi kuruhusiwa kulala: usiku na mchana pampu hutoa maji kutoka chini hata pasipochimbwa kitu. Mapema mwaka huohuo wa 2011 pampu kuu ilikufa, na maji yakapanda katika shimo la 5, lenye upana wa mita 8 na kina cha mita 1,240, mpaka yakafika mita 851 kutoka juu. Ilichukua miaka kuyashusha tena. Kiwanda kipya kilitoa zinki yake ya kwanza Juni 2024, zaidi ya miaka 30 tangu ule mwaka wa kufungwa.

Katika miaka yote hiyo ya kungoja, KICO iliendesha pia kituo cha maji ya kunywa cha mji. Inalipia umeme wake, dawa ya kusafishia, matengenezo, ulinzi, na mafundi wa kuziba mabomba makuu yakipasuka. Hili halina picha nzuri. Hakuna utepe wa kukata katika bili ya umeme. Lakini mimi ninaliweka juu ya kila jengo ambalo kampuni yoyote ya Katanga imewahi kulipaka rangi, kwa sababu mkoa huu unajuana na kipindupindu. Lubumbashi na Likasi zimekipata zaidi ya mara moja, na kila mara njia ni ileile: bomba kavu, kisima kifupi cha uani, choo karibu na kisima, mvua. Maji yenye klorini yakifika mtaani, wodi ya kipindupindu haifunguliwi, na hakuna anayeandika habari ya wodi ambayo haikufunguliwa.

Hata hivyo soma upya mpangilio wenyewe. Mji unakunywa kwa sababu kampuni inalipa umeme, na kampuni inalipa umeme kwa sababu iko hapo kuchimba. Ni uhusiano uleule wa zamani, safari hii umepanuka ukavuka uzio. Hayo ni maendeleo, na siyadharau. Ila nauliza kama kuna mahali palipoandikwa ni lini shirika la maji la serikali, REGIDESO, litachukua kituo hicho, kwa mafundi gani na kwa bei gani kwa ndoo. Mgodi una umri. Kiu haina.

Jambo la pili lililofanywa na KICO linastahili kuangaliwa karibu zaidi, kwa sababu liligusa kituo cha afya chenyewe. Kwa kushirikiana na kampuni ya Fio ya Toronto na wizara ya afya, ilileta katika zoni ya Kipushi vifaa vidogo vinavyoitwa Deki, vya kusomea vipimo vya haraka vya malaria. Kongo ni ya pili duniani kwa wagonjwa wa malaria, baada ya Nigeria, na kila muuguzi wake anajua kile kipande cha plastiki: tone la damu ya kidole, matone ya dawa, dakika 15 za kungoja, mstari mmoja au miwili. Kasoro haikai katika plastiki. Inakaa katika dakika 15, foleni ikiwa imefika mlangoni. Muuguzi husoma mapema, au husoma kwa kuchelewa, au mstari wa pili ni hafifu na mama amekwishasema ni malaria, naye anaandika malaria. Kifaa humwongoza hatua kwa hatua, humlazimisha kungoja, hupiga picha ya kipande, hukisoma, na kuituma taarifa ofisini kwa daktari wa zoni kwa mtandao wa simu.

Faida yake kubwa, kwa maoni yangu, ni kwa yule mtoto ambaye hana malaria. Mtoto mwenye homa ya mapafu akipewa dawa ya malaria hurudi nyumbani na matumaini, na siku ya tatu anapumua kwa mbavu. Kipimo kinaposema hapana, muuguzi analazimika kuuliza: basi ni nini? Na hapo tunagonga ukuta. Ili swali hilo liwe na maana lazima pawepo amoksilini kabatini, kipimo cha hewa kidoleni, na muuguzi aliyefundishwa kuhesabu pumzi za mtoto. Mwekezaji alileta kifaa. Kabati lilikuwa la mtu mwingine. Nimeona miradi mingi ya namna hii Afrika Mashariki, yenye simu, yenye tableti, yenye ndege ndogo zisizo na rubani, na karibu yote huleta taarifa haraka mahali ambapo dawa hufika polepole.

Sheria sasa imejaribu kulitoa jambo hili katika hisani ya kampuni. Marekebisho ya sheria ya madini ya Machi 2018 yanaitaka kila kampuni inayochimba itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazouzunguka mgodi, fedha zisimamiwe na chombo maalumu chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii. Zaidi ya hapo kampuni husaini na jamii hati ya ahadi, cahier des charges, ya miaka mitano mitano. Na mrabaha wenyewe hugawanywa: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa mkoa, 15 kwa serikali ya mahali panapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo.

Tupige hesabu ya mfano. Mgodi ukiuza madini ya dola milioni 100 kwa mwaka, ile 0.3 ni dola 300,000. Mrabaha wa zinki ni asilimia 3.5, yaani dola milioni 3.5, fungu la mahali ni dola 525,000 na la mkoa ni 875,000. Kumbuka kwamba matumizi yote ya afya Kongo, ukijumlisha serikali, wafadhili na yule mama wa kitenge, hayavuki sana dola 20 kwa mtu kwa mwaka. Mbele ya kiasi hicho, laki tatu za dola si fedha ya kuchezea. Fedha inayozidi hapo, na ambayo kampuni haiigusi kabisa, imekwenda kwa wenye mamlaka wa mkoa na wa mahali. Inapendeza sana kumuuliza mwekezaji amejenga zahanati ngapi. Ni vigumu zaidi kwenda katika ofisi ya mkoa na kuuliza laki nane zilinunua nini.

Nami nikiwa mjumbe wa chombo kile cha 0.3, ningepiga kura dhidi ya jengo jipya kwa miaka mitano mfululizo, na huenda nisingechaguliwa tena. Katanga haina upungufu wa majengo ya afya yenye kibao cha mfadhili na mlango uliofungwa kwa kufuli. Ningeomba vitu vya kuchosha: dawa za kuanzia kwa kila kituo, petroli na tairi za pikipiki ya msimamizi wa chanjo, posho ya reko, mshahara wa mkunga wa pili ili wa kwanza alale. Ningeomba fedha zipite katika ofisi ya zoni, zikaguliwe kila robo mwaka, orodha ibandikwe ukutani pale mama anapohesabu noti zake. Kampuni haipendi gharama zinazojirudia, maana hazina siku ya uzinduzi. Wanasiasa nao hawazipendi. Afya ya msingi, hata hivyo, imejaa gharama zinazojirudia. Mtoto wa mwaka huu hachanjwi kwa sindano ya mwaka jana.

Kuna kundi jingine ambalo lisiposemwa hapa halitasemwa popote. Sheria ya kazi ya Kongo ya mwaka 2002 inamtaka mwajiri amtibu mfanyakazi na familia yake, na kampuni kubwa kwa kawaida hulitimiza hilo kwa mkataba na kliniki nzuri za Lubumbashi. Lakini migodi ya leo haiajiri kama Gécamines ilivyoajiri. Mwaka 2021 shirika la RAID la Uingereza, pamoja na wanasheria wa Kolwezi, lilichunguza migodi mitano mikubwa ya kobalti na kukuta asilimia 57 ya wafanyakazi waliajiriwa kupitia wakandarasi wadogo, wengi wao kwa mikataba myepesi na matibabu ya kubahatisha. Orodha ya mishahara iliyokuwa paa la mji imekuwa mwavuli wa wachache. Anayekatika kidole kwa mkandarasi mdogo huishia kwa titulaire wa kituo cha serikali, na gharama yake hulipwa na fishi za majirani.

Na mwisho ni vumbi. Huwezi kuhesabu anachotoa mwekezaji katika afya bila kuhesabu anachoacha hewani na mtoni, na Kipushi ina vilima vya mabaki ya karibu karne nzima, vingi vikiwa vya wamiliki wa zamani wa mgodi. Kundi la watafiti la Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na Benoit Nemery wa Leuven, lilionyesha mwaka 2009 kwamba mkojo wa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga umebeba kobalti na metali nyingine kwa viwango vya juu mno, watoto wakiwa katika hali mbaya zaidi. Mwaka 2020 utafiti wao mwingine wa Lubumbashi, uliochapishwa katika jarida la Lancet Planetary Health, ulihusisha kazi ya baba katika uchimbaji na watoto kuzaliwa na kasoro za maumbile.

Kituo cha afya cha kawaida katika zoni yoyote ya Katanga kina kipimo cha malaria, cha mimba, cha virusi vya Ukimwi. Hakina kipimo cha risasi katika damu wala kadimiamu katika mkojo, na sampuli za utafiti ule zilibidi kupelekwa Ubelgiji. Mjamzito wa Kipushi akimuuliza mkunga kama mboga zilizomwagiliwa kwa maji ya mto zina kitu, mkunga hana pa kutazama. Maabara moja ndogo ya metali, yenye mafundi wawili na inayohudumia zoni zote zenye migodi, ingegharimu sehemu ya mauzo ya wiki moja ya mgodi mkubwa. Hati ya ahadi hufunguliwa upya kila baada ya miaka mitano. Ningeiandika humo maabara hiyo mstari wa kwanza kabisa, juu ya rangi, juu ya viti vya shule, na sharti moja: majibu yapelekwe kwa mama kwanza, kabla ya kampuni.